Mzizi Katika Fuvu la Lesieli

Vaisima aliomba chumvi, akasema "kanisa". Mumewe Fineasi alicheka, akampa chumvi. Alipoomba kanisa mara ya pili, kisu kilimponyoka, na chumba kizima kikanuka udongo uliofukuliwa sasa hivi.

Hospitalini, Daktari Siosaia aliinua picha ya ubongo dirishani. Madoa matatu meupe: kushoto, kulia, kisogoni.

"Mshipa mmoja hauharibu pande zote," alisema. "Moyo ndio unaorusha mabonge ya damu. Unapiga ovyo, ukisikilizwa unajifanya mwema."

Akamfunga Vaisima kifuani kifaa cha kunasa mapigo, akawarudisha nyumbani. Siku tatu kikanasa moyo mtulivu kama wa mchungaji aliyeshiba. Lakini kila alasiri Fineasi, akijinyoosha kando ya mkewe, alisikia: du. Du-du. Kimya. Du. Haikutoka kifuani. Ilitoka chini ya mkeka.

"Inajua tunasikiliza," Fineasi alimnong'oneza Kalolaine, shangazi yake Vaisima.

"Anajua, mwanangu. Ni Lesieli."

Lesieli alikuwa dada yake Vaisima, aliyekufa mwaka juzi akiapa kutomsamehe.

"Mzizi wa mti umeingia mifupani mwake kaburini," shangazi alisema. "Akichomwa kule, anamchoma mwenzie huku. Tukautoe."

"Na daktari?"

"Yeye ana picha. Mimi nina jembe."

Sisi Watonga wa visiwani humwogopa shangazi kuliko kaburi. Fineasi akafuata.

Saa tano mchana, jua likiwaka juu ya mchanga mweupe wa makaburi, walichimba mpaka harufu ile ya chumbani ikawapanda kooni, na chini ya miguu yao ikaanza ile du, du-du, ikaja juu kadiri jembe lilivyoshuka, ikapita kwenye mpini, kwenye meno, mpaka Fineasi hakujua tena ni moyo wa nani unaompiga, na hapo fuvu likatokea, na mzizi mwembamba umelitoboa mahali patatu: kushoto, kulia, kisogoni.

Kalolaine alilishika fuvu, akaukata mzizi kwa mkasi. Kimya.

"Shangazi, mikono hiyo sasa ina mwiko," Fineasi alisema wakifukia. "Imegusa maiti. Siku kumi hujilishi, usije ukammeza Lesieli. Nitakulisha mimi."

"Wewe? Supu yako mwenyewe inaishia shatini."

Jioni daktari alikuja kusoma kifaa. Akakisoma mara mbili.

"Nimeunasa. Saa tano moyo umekwenda ovyo dakika nzima, kisha ukatulia. Atakunywa dawa ya kuzuia damu kuganda, kila siku, maisha yake yote." Akakifungua kifaa, akakiweka mezani.

"Vaisima," Fineasi alisema, akishika chupa ya chumvi, "hii nini?"

Mkewe aliitazama kwa muda mrefu. "Chumvi," alisema, akalia.

Katika furaha ile hakuna aliyemtazama shangazi. Jikoni kulikuwa na viazi vikuu ndani ya tui, vya moto, na tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni. Kipande kimoja tu, kwa vidole viwili.

Fineasi alipomfuata alimkuta amesimama akielekea ukutani. Harufu ya udongo ilikuwa imejaa jikoni. Mezani, kile kifaa kisichofungwa kwa mtu kilimulika. Kikamulika mara mbili. Kikazima.

"Shangazi, unataka nini? Nikuletee?"

Aligeuka. Kiazi kilikuwa kinamdondoka upande mmoja wa mdomo.

"Kanisa," alisema, kwa sauti ya Lesieli, na ule mkono ulioshika fuvu ukachota kipande kingine.