Nani Kanifungulia?

Gari lilinukia marashi, na mshonaji hakuwa mtu wa marashi, yalimpandisha pumu. Alishusha kioo, akageuka kumtazama mama mkwe wake aliyekaa kiti cha nyuma.

"Mama, umejipaka nini leo?"

"Nijipake ili nani anione, mwanangu?" Kikongwe akacheka.

Walikuwa wamechelewa kliniki. Figo za bibi zilikuwa zimekufa, na asiposafishwa damu mchana ule, kesho ilikuwa mbali.

Mshonaji akawasha gari, akakanyaga breki, akavuta gia. Haikutoka P, pa kuegeshea. Akavuta kwa mikono miwili. Wapi!

Akampigia jirani yao, fundi waliyemwita Kipara. Alikuja mbio, bisibisi mkononi, maneno tele mdomoni, akajitupa kiti cha mbele.

"Kufuli ya gia tu hiyo, dada, isikutoe jasho. Tukishaifikisha N, gia huru, unaingiza D, unaondoka zako. Vuta breki ya mkono. Haya, kanyaga breki ya mguu, usiachie."

Kando ya gia palikuwa na kifuniko kidogo. Alikibandua, akatumbukiza bisibisi kwenye kitundu chake, akabonyeza. Bisibisi ikarudishwa juu.

"Vipi, fundi?"

"Kuna kitu kinanisukuma," akanong'ona. "Kutoka chini. Kama kidole."

"Acha utani, mama atakufa!"

Kipara akafumba macho, akakandamiza kwa nguvu zake zote, na mshonaji akavuta. Gia ikaingia N.

Milango yote minne ikajifunga kwa mpigo mmoja. Ua wao uliteremkia getini mbele yao, breki zote mbili zilikuwa zimeshika, na bado gari lilianza kurudi nyuma, polepole, likipanda mlima kama linavutwa kwa kamba, huku marashi yakizidi kuwa mazito hadi mshonaji akahisi kifua kinambana, na nyuma yake, pale alipokaa mama wa mumewe, mtu akavuta pumzi ndefu sana, pumzi ya mtu aliyezamishwa majini miaka na miaka na sasa ndiyo kwanza ameibuka.

"Nani kanifungulia?"

Ilikuwa sauti ya mwanamume, nzito, nayo ilitoka kinywani mwa bibi.

Kipara akaanza kusali. Mshonaji hakuthubutu kugeuka. Alimwona bibi kwenye kioo: macho yamefumbwa, kichwa kimelala begani.

"Huyo ni mgonjwa," akasema kwa shida. "Tafadhali, mwache. Kama unataka gari, chukua gari."

"Gari nimelichoka. Nashuka."

Gari likasimama. Milango ikafunguka. Marashi yakatoweka kana kwamba hayakuwahi kuwapo. Bibi akapiga miayo, akauliza mbona hawaondoki. Mshonaji akaingiza D, na gia ikateleza laini kabisa. Kipara alikuwa ameshashuka. Alikuwa anatapika ukutani.

Njia nzima mshonaji alilia kwa furaha. Lile jini limeshuka! Amelisikia mwenyewe likisema!

Kliniki, muuguzi akatokeza kichwa mlangoni. "Bibi, zamu yako."

"Naam," akaitika kikongwe, akaufumba mdomo wake.

Na kutoka kifuani mwake, midomo ikiwa imefungwa vilevile, ile sauti nzito ikaitika pia:

"Naam."