Gauni la Mke Mkubwa

Wivu ni maradhi, na fundi cherehani alikuwa mgonjwa wa siku nyingi. Alipofika ukweni kwa mara ya kwanza, baada ya miaka saba ya kuzungushwa na mumewe, kijiji cha nyumba sita chini ya mlima, jicho lake halikuuona mlima. Liliona gauni jeupe limetundikwa katika chumba alichokulia mumewe, pindo likidondosha maji, na mvua ilikuwa haijanyesha mwezi mzima.

Akauliza la nani. Mumewe akajikohoza, akaenda uani kupasua kuni. Mama mkwe akamwambia aliache palepale, asiliguse. Haya, mwambie mwenye wivu asiguse!

Akafunga mlango, akatoa futi yake ya kupimia. Kiuno kilikuwa chembamba kuliko chake kwa vidole vinne, na hilo lilimuuma kuliko yote. Gauni lilinuka jiwe bichi na maua asiyoyajua. Akaligeuza ndani nje atafute mshono aufumue, hakuona uzi. Vitambaa vilishikana kama ngozi na ngozi, na vilikuwa na joto. Mwingine angetoka mbio. Yeye akashika mkasi, akalichana ubavuni.

Huko uani mumewe akapiga ukelele mmoja, akaanguka.

Wakamlaza kitandani, ubavu umeachama kama mfuko uliofumuka, na hapakutoka damu, ila maji ya baridi.

"Umemkata mke mkubwa," mama mkwe akanong'ona.

"Mke mkubwa gani, mama?"

"Jini wa chemchemi ya mlimani. Alijitwalia mwanangu angali kijana, akajishona naye ngozi moja, na ngozi yenyewe ndiyo gauni hilo. Nilimwambia mumeo akueleze, akasema utanuna."

Mganga wa kijiji akaja, akakataa hata kukaa. "Jini huyu simfukuzi, ndiye mwenyeji. Shona ulichokata, kwa mkono wako, na umwombe radhi."

Basi akashona mchana kutwa, kila mchomo wa sindano ukifunga ubavu wa mumewe kidogo, na kila alipovuta uzi akasikia nyuma ya sikio pumzi baridi ya mtu anayesimamia kazi, na harufu ya maua ikazidi, naye akaomba radhi huku meno yamekazana, kwa sababu mume alimtaka, jamani, hata wa nusu.

Alipokaza fundo la mwisho, mumewe akafumbua macho. Akatabasamu tabasamu ambalo kwa miaka saba ya ndoa mkewe hakuwahi kupewa, akalipitisha juu ya bega la mkewe, kwa aliyesimama nyuma.

"Mpenzi," akauliza taratibu, "huyu fundi anaondoka saa ngapi?"