Mjane Aliyefutwa Daftarini

Mama Sabuni alifua mashuka ya hospitali kwa miaka ishirini na mbili. Kila asubuhi alipokea marobota, akayatenga, ya wazazi huku na ya upasuaji kule. Wageni wa kazi aliwafundisha jambo moja kabla ya yote: damu hulowekwa kwenye maji baridi, tena mapema. Ukichelewa, doa halitoki. Wenzake walimpa jina la Sabuni kwa sababu ya vidole vyake vilivyochujuka, na kwa sababu ya ulimi wake. Alikuwa haachi doa la mtu likapita.

Mumewe alikuwa mwashi. Binti yao alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa barazani. Waliishi watatu katika vyumba viwili, wakitaniana tangu asubuhi.

Kati ya mtaa wao na barabara kulikuwa na mtaro mkubwa. Watu waliuvuka kwa mbao tatu. Diwani alikuwa ameahidi daraja miaka kumi mfululizo, na mbao zikabaki tatu. Siku moja ya mvua mwashi aliteleza pale akitoka kazini, maji yakamchukua. Alipatikana baada ya siku mbili, mbali sana. Koti lake halikuonekana, na kadi yake ya mpiga kura ilikuwa mfukoni mwa koti lile.

Baada ya matanga Mama Sabuni alisema anakwenda ofisi ya kata kutoa taarifa ya kifo, ili jina la marehemu liondolewe kwenye daftari la wapiga kura. Binti alimsihi apumzike kwanza. Kwani jina lina haraka gani?

"Wajanja hupiga kura kwa majina ya wafu," mama alijibu. "Baba yako hakudanganya mtu akiwa hai. Hawatamtumia kudanganya akiwa kaburini."

Karani wa kata alimpa pole, akachukua fomu, akaomba kadi. Mama Sabuni aliweka yake mezani, maana ya mumewe ilikwenda na maji. Karani akaandika, akagonga muhuri. Mama hakusomewa kilichoandikwa, wala hakupewa karatasi ya kuondoka nayo. Na yeye, aliyezoea kuuliza kila kitu, siku hiyo hakuuliza. Msiba humnyamazisha hata msemaji.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa uchaguzi. Diwani alitaka kurudi, na mpinzani wake, fundi bomba, alikuwa ameapa kuanza na daraja. Mama Sabuni aliomba ruhusa kazini na kupanga foleni kwa muda wa saa tatu kwenye uwanja wa shule. Alisema wazi kwamba kura yake ni ya mbao zile tatu.

Msimamizi wa chumba cha kura alitafuta jina lake, akaliona. Kisha akaligeuza daftari ili mama ajionee. Jina lilikuwa limepigwa mstari, na pembeni yake pameandikwa: amefariki.

"Nani amefariki?" mama aliuliza.

"Hapa inasomeka ni wewe, mama."

Watu wa nyuma walicheka. Mmoja alisema leo hata marehemu wamewahi foleni. Mama Sabuni naye alicheka kidogo, maana maneno yenyewe yalichekesha. Halafu akaomba aangaliziwe jina la mumewe. Lilikuwepo, safi, halina mstari.

"Mume wangu yuko hai humu," alisema taratibu. Hakucheka tena.

Msimamizi alimwomba apishe wengine. Malalamiko yake hayakuandikwa popote. Mama alirudi nyumbani akakaa karibu na cherehani, akalia mbele ya binti yake. Hakuwa amelia hivyo hata siku ya mazishi. Alisema angalau mtaro ulimchukua mumewe bila kumjua jina.

Jioni jirani yao, seremala wa majeneza, alikuja na habari kama hiyo. Naye alikuwa amefutwa. Miezi minne nyuma alitoa taarifa ya kifo cha kaka yake. Wakatazamana.

"Dada," seremala alisema, "waliofiwa mtaani nawajua wote. Majeneza nimetengeneza mimi."

Walipita nyumba kwa nyumba. Walipata watu kumi na tisa, wao wawili wakiwemo, waliokwenda kata kutoa taarifa za vifo. Wote kumi na tisa walikuwa wamefutwa, na marehemu wao wote walikuwa bado wapiga kura. Waliokaa kimya na misiba yao hawakuguswa. Matokeo yakatangazwa: diwani ameshinda kwa kura kumi na moja.

Wale kumi na tisa wangempa nani kura zao? Mimi sijui, na hakuna ajuaye. Hilo ndilo linalouma.

Mama Sabuni na seremala walikwenda ofisi ya wilaya. Afisa wa daftari, mwanamke wa makamo, aliwapa viti na kuwasikiliza mpaka mwisho. Kisha alileta mafaili, akafungua fomu moja moja. Kosa lilionekana mapema. Fomu ilikuwa na nafasi moja tu ya namba ya kadi. Haikusema ni kadi ya marehemu au ya mtoa taarifa. Karani aliandika namba ya kadi iliyokuwa mezani, na kwa kuwa kila aliyeombwa kadi alitoa yake, mezani palikuwa na kadi ya aliye hai.

"Kosa ni letu," afisa alisema. "Majina yenu nitayarudisha, na ya marehemu nitayaondoa. Lakini kura ya siku ile siwezi kuirudisha."

Aliwaeleza kwa nini. Ili kupinga matokeo, walihitaji maandishi ya malalamiko yaliyotolewa kituoni siku ileile. Hayakuwepo. Tena, kabla ya uchaguzi daftari lilikuwa limewekwa wazi wiki mbili ili kila mtu akague jina lake. Mama aliuliza liliwekwa wapi. Ndani ya ofisi ya kata, afisa alijibu, siku za kazi, mpaka saa tisa.

"Mimi saa tisa niko kwenye mapipa ya mashuka," mama alisema. "Doa huoshwa likiwa bichi. Nyinyi mlilificha mpaka likakauka, sasa mnaniambia halitoki."

Afisa alichukua kalamu, akaanza kuandika.

Mabadiliko hayakuja kwa siku moja. Mama Sabuni alifunga safari ya wilaya kila mwezi, siku yake ya mapumziko, akikohoa njia nzima kwa sababu ya mvuke na dawa za kufulia. Mwishowe fomu mpya ikatoka, yenye nafasi mbili: aliyefariki, na anayetoa taarifa. Karani alitakiwa kusoma zote mbili kwa sauti, kisha kutoa nakala. Hakuna jina lililofutwa tena kabla ya barua kufika nyumbani kwa mhusika. Daftari lilibandikwa sokoni na kwenye lango la hospitali, Jumamosi na Jumapili pia. Na kila kituo kikapewa kitabu cha malalamiko, ili asiondoke mtu bila neno lake kuandikwa.

Uchaguzi mwingine ulipokaribia, Mama Sabuni alikwenda langoni kukagua. Jina lake lilikuwepo. Aliweka kidole juu yake, akakiacha pale kitambo.

Wiki sita kabla ya siku ya kura, kifua kilimuua.

Binti alikwenda kata na kadi mbili. Alizitoa zote. Karani alikuwa yuleyule, na alimtambua. Alisoma polepole: aliyefariki ni mama, anayetoa taarifa ni binti. Alizitenganisha kadi, moja kila upande wa meza, akauliza tena kama ndivyo. Ndivyo, binti alisema. Akaweka sahihi, akapewa nakala, akaikunja ndani ya kanga yake.

Siku ya kura watu wa mtaa ule walipanga foleni asubuhi. Kati ya wale kumi na tisa walikuja kumi na wanane, seremala akiwa wa kwanza. Hakuna aliyerudishwa.

Zamu ya binti ilipofika, msimamizi aliliona jina lake mara moja. Juu yake kulikuwa na jina jingine la ukoo uleule, limepigwa mstari. Msimamizi alikuwa amefundishwa asiamini mstari upesi. Aliuliza kama huyo wa juu anamfahamu, na kama kuna kosa lolote.

"Ni mama yangu," binti alisema. "Safari hii hamjakosea."

Akapokea karatasi yake ya kura, akaenda kupiga.