Mikanda ya Fundi Makochi

Nyinyi mnaopenda kuwatania wake zenu, kaeni vizuri, hii inawahusu. Na nyinyi mnaochekea pembeni msijifiche nyuma ya mlango, nawaona.

Mtaani kwetu kulikuwa na fundi makochi, mikono dhahabu, mdomo wembe. Karakana ilikuwa mbele, vyumba vya kuishi nyuma. Jumapili moja alasiri mambo yalikuwa shwari kabisa. Redio inaimba taratibu, fundi anabana vifungo kwenye mgongo wa kochi, kila kifungo na kishimo chake, na mkewe, mjamzito wa miezi saba, kajilaza kwenye kochi lililokwisha kushonwa, miguu juu ya mto, gauni limepanda mapajani kwa sababu ya joto. Mtoto akipiga teke tumboni, mama anacheka peke yake. Raha mustarehe.

Ndipo fundi akainua macho.

"Mke wangu, hayo mapaja nani kakupiga vifungo?"

Dada yake fundi, aliyekuwa akishona vitambaa vya makochi pale pale, akasimamisha cherehani ili aone vizuri. "Kaka, si kazi yako hiyo? Unaachaje mabonde namna hiyo?"

"Mimi? Hiyo sponji mbovu, dada. Ukiikalia tu, mashimo!"

Wakacheka hadi wakashikana mabega. Mke naye akacheka, maana asingecheka angeambiwa ana kisirani cha mimba. Lakini gauni akalishusha.

Siku ya kliniki akamuuliza mkunga kuhusu vile vishimo.

"Ah, mama, hayo ni mafuta yanasukuma ngozi kutoka ndani," mkunga akamjibu. "Mimba inaongeza mafuta na maji mwilini, vishimo vinaonekana zaidi. Mimi ninavyo, na mimba sina! Tembea tembea, kunywa maji, kula vizuri. Havimdhuru mtoto."

Akarudi nyumbani kifua mbele, akamweleza mumewe. Mumewe akasema, "Mkunga atakwambia nini tena? Yeye halali na wewe."

Jamani, ulimi huo.

Tangu hapo mama wa watu akawa anaoga taa imezimwa. Matembezi ya jioni akaacha, asije akaonekana. Alitaka kitu kimoja tu: mumewe amtazame bila kucheka. Wifi yake, kwa huruma yake ya ajabu, akamletea dawa.

"Wifi, sponji yenye mabonde huwa tunaifanyaje? Tunaibana na mikanda, inalala hivyo, asubuhi imenyooka. Nyama na sponji vina tofauti gani?"

Tofauti, msomaji wangu, ni kwamba sponji haina damu. Lakini pale karakanani hakuna aliyelisema hilo. Fundi mwenyewe akakata mikanda ya mpira, ile inayotandazwa chini ya kiti ili ukikaa usizame, akamfunga mkewe mapajani. Alivuta kama anavyovuta kwenye fremu ya mbao, goti kalikandamiza ukingoni mwa kitanda.

"Polepole, baba, inauma."

"Ikiuma ndiyo inafanya kazi. Tulia."

Akatulia. Alikaa na mikanda hiyo mchana kutwa, juma zima, hatembei, hanyooshi mguu. Mwisho wa juma mguu wa kushoto ukajaa kuanzia pajani hadi kwenye kifundo, ukawa wa moto, unang'aa. Na vile vishimo? Havipo! Ngozi imenyooka kama kioo.

Fundi akapitisha kiganja juu yake, kama anavyokagua kazi kabla mteja hajaja. "Ee! Dada, njoo uone! Hii sasa ni kazi ya kuweka dirishani!"

Mke akatabasamu mpaka machozi yakamlenga. Mume wake alikuwa anamsifu. "Lakini unauma sana, mume wangu. Twende kliniki wautazame."

"Ukawaonyeshe nini, uzuri? Huu wa kulia ndio umebaki nyuma. Tuukaze na wenyewe."

Wakaukaza.

Asubuhi iliyofuata aliinuka kwenda kuchemsha chai, akafika karakanani akiwa ameshika ukuta. "Wifi... sipati pumzi."

"Uvivu umekupanda kifuani," wifi akajibu, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. "Ngoja nimalize mshono huu."

Alipoumaliza, mwenzake alikuwa chini, midomo ya bluu.

Walimkimbiza hospitali kwa gari la kupelekea makochi. Daktari aliikata ile mikanda kwa mkasi. Chini yake ngozi ilikuwa imebonyea kama njia ya gurudumu kwenye tope. Damu iliganda mguuni, bonge likasafiri hadi kwenye mapafu. Mama hakuamka. Mtoto naye hawakumuwahi.

Daktari akauliza, "Nani alimfunga hivi?"

Fundi, mtu wa majibu, akababaika. "Lakini daktari, mguu ulikuwa umeshapendeza."

"Huo ulikuwa uvimbe, bwana," daktari akasema, akatoka.

FUNZO

Dada zangu, vishimo vya ngozi si ugonjwa, wala si uchafu, wala si uvivu. Wanawake wengi wanavyo, na mimba huvizidisha. Usijifunge chochote cha kubana, usijipake dawa wala kunywa chai ya kupunguza mwili kabla ya kumuuliza mkunga. Mguu mmoja ukivimba, ukauma, ukawa wa moto, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama umependeza kuliko wa malkia. Pumzi ikikata, usisubiri mtu amalize mshono.

Nanyi kaka zangu wenye midomo mirefu: ukitaka kitu kisicho na kishimo, oa ukuta. Ukioa mtu, mshike mkono umpeleke kliniki.