Sijambo ya Mama

Kila nikitoka shule nilikuwa na kazi tatu: kuinjika chai, kumwekea mama mto chini ya miguu, na kugombana naye. Tulikaa Al Baraha, Dubai, ghorofa ya tatu, na baba alishinda kazini kwenye hoteli moja huko Al Barsha. Mimba ya mama ilikuwa ya miezi minane.

"Mama, kichwa bado kinauma?"

"Sijambo, alhamdulillahi."

Niliichoka hiyo sijambo. Miguu imevimba hata makubadhi hayaingii, naye hajambo. Anafumba macho kwa maumivu, hajambo. Kwao Mombasa alilelewa hivyo: ukiulizwa hali unajibu sijambo hata kama una homa, maana kulalamika ni kukosa adabu.

Kiingereza cha mama kilikuwa kidogo, kwa hiyo huko kliniki mimi ndiye niliyemtafsiria. Jumapili, kichwa kilipoanza, tulisema kweli. Nesi alijibu bila hata kututazama kwamba ni joto tu, anywe maji. Tuliporudi Jumatatu tulimkuta nesi mwingine. Alipima, akasema presha imepanda kidogo, akauliza kama mama anaumwa kichwa.

Mama alinifinya mkono. "Mwambie sijambo. Tukisema watatudharau tena."

Nilikasirika, lakini nilikuwa nimechoka kubishana. Nikasema haumwi. Nesi akaandika, tukarudi nyumbani.

Jumatano alikuja Bi Kibibi, Mzanzibari aliyeishi Dubai miaka mingi. Hakuwa daktari wala mkunga. Kazi yake ilikuwa kuwasindikiza wajawazito wetu wa Afrika Mashariki hospitalini, akae nao mpaka wajifungue, na awasemee wasiposikilizwa.

"Shikamoo, Bi Kibibi."

"Marahaba, Swafiya." Alimtazama mama usoni, kisha akajaribu kuizungusha pete ya mama kidoleni. Haikusogea. "Masuda mwanangu, wajionaje?"

"Sijambo, alhamdulillahi."

"Sikukuamkia. Nimekuuliza." Akanigeukia. "Na wewe wamwonaje mama yako?"

Mama alinikazia macho. Niliogopa, lakini hasira za siku zote hizo zilinipanda. "Kichwa kinamuuma siku ya nne sasa. Tangu jana anaona vimulimuli. Na Jumatatu nilimdanganya nesi." Nikaanza kulia.

"Khalas, utalia baadaye. Mletee mama buibui lake."

Tulichukua teksi. Hospitalini, mtu wa mapokezi alituambia tukae tungoje zamu yetu. Mimi nilitaka kupiga kelele. Bi Kibibi hakupaza sauti, ila hakukaa pia. Alisema polepole kwa Kiingereza: mimba ya miezi minane, kichwa siku nne, macho yanaona vimulimuli, uso umevimba. "Mpimeni presha sasa hivi. Tutasimama hapa hapa."

Nesi alipima, akapima tena, akaenda mbio kumwita daktari. Mama alikuwa karibu kupata kifafa cha mimba, ugonjwa unaoweza kumuua mama na mtoto wake. Walimpasua alasiri ile ile. Bi Kibibi aliingia naye, akamshika mkono mpaka mwisho.

Alipotoka alinikuta nimejikunja kitini. "Wote wazima. Umepata mdogo wako wa kike. Ni mdogo kweli, lakini kulia anajua."

"Ningesema Jumatatu..."

"Ndiyo, ungesema," alinijibu, hakunibembeleza. "Nesi wa kwanza alikosa kwa kutosikiliza, mama yako akakosa kwa kuficha, nawe ukakosa kwa kuubeba uongo wake. Sijambo ni ya barazani, Swafiya. Kwa daktari linalouma husemwa, na likipuuzwa husemwa tena. Mficha uchi hazai."

Asubuhi nesi aliingia, akauliza mama anajisikiaje.

"Sija..." Mama akanitazama. "Mwambie mshono unaniuma sana."

Nikamwambia neno kwa neno.