Chumvi Kwenye Pindo la Kanga

Watoto wote walitoka majini wakitetemeka, isipokuwa Regina. Upepo wa jioni ulikuwa unavuma kutoka upande wa Kongo. Wenzake walijikunja, meno yakigongana, lakini yeye alisimama mchangani ametulia kama mtu aliyetoka kitandani. Scola, mama yake, aliliona hilo. Alifungua kanga amfunike, kisha mkono ukasita.

Pindoni mwa ile kanga kulikuwa na fundo la chumvi ya Uvinza. Mama mkwe wake, Bibi Yunisi, ndiye aliyelifunga walipokuwa wanaondoka kwenda Kibirizi kupanda boti. Alisema ufuko ule wa kaskazini wanakokwenda una wenyewe. Mtoto akitoka majini, alambe chumvi kwanza. Asiyelamba si wako; asifunikwe, naye atarudi alikotoka na mtoto wako atatoka. Ukishamfunika kwa nguo yako, umempokea. Thobias, mume wa Scola, alicheka. Yeye ni fundi cherehani, anashonea barazani kwao mtaa wa Mwanga, na wiki nzima alijisifu kwa wateja kwamba familia yake imealikwa kwenye kambi ya mazingira pamoja na watu wa maofisini.

Wake wa watu hao walikuwa wamesimama pembeni ya Scola na mataulo yao mazito. Tangu wafike hakuwa amewasemesha zaidi ya salamu. Aliona macho yao kwenye fundo lake, akaliacha, akamfunika mtoto.

"Asante, mama," Regina alisema. Nywele zake zilinuka tope la chini kabisa.

Baadaye Mwalimu Oswald wa kambi hiyo aliwakusanya wazazi na watoto mbele ya tangi la kioo kwa somo. Aliwaonyesha samaki wa ziwani humo anayelea watoto wake mdomoni. Akaeleza kwamba kuna kambale mdogo mwenye madoa ambaye huchanganya mayai yake na ya samaki huyo, na mama huyaokota yote. Ya kambale huanguliwa mapema, na hao wageni huwala wenzao humohumo mdomoni. Mzazi mmoja aliuliza kama mama hajui. Mwalimu akajibu kwamba mama anajua kufungua mdomo tu. Watu wakacheka. Regina hakumtazama samaki. Alikuwa anamtazama Elia, mdogo wake, aliyelala mgongoni mwa Scola.

Waliporudi Mwanga, Regina alikataa mchuzi wa dagaa, akakataa na maharage, kila kilichotiwa chumvi. Alikula ugali mtupu. Thobias alisema ni deko. Lakini Scola alianza kusikia maji yakichezewa ndani ya ndoo iliyofunikwa, na kila alipokwenda kutazama alikuta mfuniko uko mahali pake na sakafu kavu, ila harufu ya tope ilikuwa imetangulia chumbani, imekaa kwenye shuka la Elia, imekaa kwenye nguo zake, na Regina ameketi kando ya kitanda, hachezi, hasinzii, anamhesabia mdogo wake pumzi kwa kidole.

Bibi Yunisi alipokuja kuwasalimia, mjukuu alimpa shikamoo akiwa mbali. Bibi alimvuta Scola nyuma ya nyumba.

"Ulimpa chumvi?" alinong'ona.

"Niliona aibu, mama."

Bibi hakumgombeza. Alikaa chini kwenye vumbi, akajifunika uso kwa kanga yake. "Yoo, mwana wanje," alisema kwa Kiha, yaani mwanangu, na Scola hakujua analiliwa nani.

Siku hiyohiyo Scola alifungua fundo, akamwambia Regina alambe. Mtoto alitazama chumvi kiganjani, akasema taratibu, "Nikilamba nitaondoka. Lakini yeye umeshamwacha. Utabaki na nani?"

Scola alilifunga fundo. Uso ule ndio pekee uliokuwa umebaki wa binti yake.

Kuanzia hapo Elia hakutoka mgongoni mwake, mpaka Thobias alipochoka kusikia majirani wakisema mkewe anamwogopa mtoto wake wa kumzaa. Asubuhi moja alimwamuru amwache mtoto, aende sokoni kama wanawake wengine. Scola alikwenda mbio, akarudi mbio.

Aliwakuta uani. Regina alikuwa amemaliza kumwogesha Elia kwa maji ya baridi ya ile ndoo, na Elia alikuwa amekaa uchi ndani ya beseni. Halii. Hatetemeki.

Scola alipiga magoti, akafungua fundo, akapeleka kidole chenye chumvi kwenye midomo ya mwanawe. Elia akafumba mdomo. Akajaribu tena, na tena, mpaka wateja wa Thobias wakatoka barazani kutazama. Safari hii hakuwajali. Alisimama, akaikumbatia kanga kifuani.

"Simfuniki," alisema.

"Unanitia aibu mbele za watu," Thobias alisema. Akamnyang'anya kanga, akamzungushia mtoto vizuri, mpaka shingoni.

"Asante, baba," Regina alisema.