Romana Alitolewa Nje ya Video

Ndugu zangu wa Ilembo, nyumba ya Celestin mnaijua. Jioni wanapukuchua mahindi uani, redio inaimba, na binti yao Romana wa darasa la pili anawachekesha wote. Amani hiyo ilidumu mpaka mama yake, Emelyne, alipojiunga na kozi ya ualimu ya mtandaoni. Shahada alikuwa nayo; hii ilikuwa ya harakaharaka, imwezeshe kupata cheti cha kufundishia. Sizisemi vibaya kozi hizo. Wapo waliosoma hivyo na wanafundisha vizuri.

Lakini kasi ilimzidi. Alikula macho yakiwa kwenye simu. Mtoto akimwita, anajibu "subiri" bila kuinua uso. Hakuwa na hasira wala furaha. Moyo ulikuwa umekufa ganzi.

Kisha chuo kikataka video akifundisha kusoma. Emelyne akakusanya watoto wa jirani sebuleni, akawakaririsha hadithi moja mpaka wakaisema bila kutazama kitabu. Zamu ya Romana ilipofika, hadithi ilikuwa haijamkaa kichwani, akakwama kwenye neno la kwanza.

"Unaniharibia video. Hebu toka nje."

"Mama, mimi sijui kusoma."

"Nimesikia. Tutasoma nikimaliza."

Hakusikia lolote. Jamani, mtoto anakuonyesha panapomuuma, wewe unahangaika na mwanga wa kamera!

Video ikapata alama za juu. Celestin akachinja kuku, majirani tukala na kusifu. Wiki hiyohiyo mwalimu wa Romana akawaita wazazi wake shuleni.

"Atarudia darasa. Hasomi hata neno. Nyie nyumbani hamkuona?"

Celestin akamtazama mkewe. Emelyne hakulia. Hakuhisi kitu, na hilo ndilo lililomtisha.

Alirudi nyumbani, akafungua kitabu kilekile na kumwita mwanawe. Romana akasimama mlangoni.

"Mama, unarekodi? Nitoke?"

FUNZO

Kusoma kozi ya haraka si kosa. Kosa ni kumficha asiyejua ili waliokariri wapendeze. Huko si kufundisha, ni kuigiza. Na sisi tulioshangilia alama bila kuuliza mtoto yuko wapi, tunahusika.

Cheti cha Emelyne kimetoka. Sasa kila jioni anamfundisha Romana. Mtoto anakuja, ila kwanza husimama mlangoni, ahakikishe simu imezimwa.